Ndimu za Bi Razia

Jioni, mlango mkubwa ukibishwa, Sabira alijua ni nani kwa namna ya kubisha. Mumewe, Kasam, alibisha polepole, kwa uchovu wa kusimama kutwa katika duka lao la leso mtaa wa Biashara. Nuruddin, mdogo wake Kasam, alibisha kwa kucha, kama panya. Yeye alikuwa karani wa mizigo Kilindini. Alipoingia tu, Firoza, mtoto wa Sabira, alimrukia. Nuruddin akampandisha mabegani na kumzungusha ua mzima.

Hiyo ndiyo nyumba yao, familia ya Kihindi, Mji wa Kale, mwaka wa 1944. Chai ya tangawizi ilikuwapo. Sukari ilikuwa shida, kwa sababu ya vita.

Mwaka huo ndui iliingia mjini. Wachanjaji walitumwa. Walisimama malangoni mwa sehemu za kazi na masoko, na askari ubavuni. Asiyechanjwa hakuingia kazini. Mtu alitoa mkono, akakwaruzwa, akapewa cheti, akaambiwa apite. Hakuna aliyeelezwa ile ni dawa gani, wala inafanya nini mwilini. Ng'ombe naye hupigwa chapa hivyo hivyo, wala haambiwi sababu.

Kwa hiyo watu walijitafutia dawa ya dawa. Mama yao Kasam na Nuruddin, Bi Razia, aliketi uani na beseni la maji ya ndimu na majivu. Kila aliyerudi amechanjwa alinyoosha mkono. Bi Razia alisugua pale penye mkwaruzo mpaka ngozi ikawa nyekundu. Sabira ndiye aliyeshika beseni.

"Tupate cheti chao, tusipate sumu yao," Bi Razia alisema.

Kasam alisuguliwa, na Nuruddin pia. Nusu ya mtaa ilifanya hivyo, na ndimu zikapanda bei sokoni. Firoza hakupelekwa kuchanjwa kabisa.

Kisha Nuruddin akashikwa na homa. Kichwa kilimgonga, mgongo ukamuuma kama aliyebeba magunia. Baadaye upele ukatoka usoni na mikononi. Hapakuwa na haja ya kuuliza ni nini.

Bi Razia alitundika majani ya mwarobaini mlangoni, akafunga madirisha. Alisema ni ile dawa yao iliyomletea. Tena akakataza mtu yeyote asiambiwe.

Sabira hakumlaumu. Alijua habari ya Ishak, kaka yake Bi Razia. Bi Razia alipokuwa msichana, Ishak aliugua ndui. Watu wa serikali walikuja, wakamtia katika mkokoteni, wakachoma godoro lake na nguo zake barabarani. Baada ya hapo hapakuja neno. Mama yao aliuliza kila mlango, akafukuzwa. Bi Razia alizeeka bila kujua kaburi la kaka yake.

Mtu aliyetendewa hivyo hasahau. Wala si haki kumtaka asahau.

Lakini Sabira alimtazama Firoza amekaa nje ya chumba cha mgonjwa, akiuliza ami yake atatoka lini kumzungusha. Asubuhi alivaa buibui, akatoka bila ruhusa. Hakuwahi kufanya hivyo tangu aolewe. Alikwenda mpaka Tononoka, nyumbani kwa Dishon. Dishon alikuwa mchanjaji, na mkewe, Rispah, alikuwa mteja wa duka la kina Kasam.

Dishon alikuja peke yake, bila askari. Alivua viatu mlangoni.

"Sabalkheri, Mama."

Bi Razia alimtazama, kisha akamtazama Sabira. "Mke wa mwanangu amekwenda kuniuza," alisema.

"Nimekwenda kumtafutia Firoza uhai, Mama," Sabira alijibu. Hakuinamisha macho.

Dishon aliingia chumbani. Yeye alikuwa amechanjwa, hakuogopa. Aliomba kuuona mkono wa Nuruddin, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kovu liko wapi. Alieleza kwamba chanjo ikishika, hutoa kilengelenge, kisha gaga kinapokauka, kisha kovu. Mkono huu ni laini. Dawa haikuingia.

Beseni lilikuwa pale pale uani, na maganda ya ndimu ndani yake.

"Ni mimi niliyeisugua," Bi Razia alisema mwishowe.

"Basi si dawa iliyomletea ndui, Mama. Ni kukosa dawa."

Bi Razia aliketi chini. Akauliza kwa ukali, kama mtu anayedai haki yake: "Ndani yake mna nini? Tangu nizaliwe mnatukwaruza. Nani alikaa akatwambia?"

Dishon naye akaketi. Akaanza kueleza.

Alisema kwamba zamani, karne moja na nusu nyuma, Uingereza alikuwako daktari jina lake Jenner. Aliona kwamba wanawake wanaokamua maziwa huambukizwa ndui ya ng'ombe, ugonjwa mdogo wa mikono. Wakishaupata, ndui ya watu haiwashiki. Akachukua maji ya kidonda cha mkamuaji mmoja, akamkwaruza mtoto wa kiume mkononi. Baadaye akamjaribu kwa ndui yenyewe. Mtoto hakuugua. Mwili ulikwisha kuuzoea ugonjwa mdogo, ukajua kupigana na ule mkubwa.

"Huyo ndiye wanayemsifu," Dishon alisema. "Lakini kukwaruza hakukuanza kwake. Huko Bara Hindi, kwa wazee wenu, wachanjaji walikuwapo kabla yake. Walitumia usaha wa ndui yenyewe. Wengi walipona, ila wengine walikufa. Na Afrika pia. Amerika alikuwako mtumwa Mwafrika, bwana wake alimwita Onesimus. Yeye ndiye aliyemweleza bwana wake jinsi alivyochanjwa kwao. Ndui ilipoingia mji wao, ujuzi huo uliokoa watu. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa popote."

"Kama kaburi la Ishak," Bi Razia alisema taratibu.

"Kama hilo, Mama. Jenner alipata njia iliyo salama zaidi, na hiyo ni kazi kubwa, simnyimi. Lakini msidhani chanjo ni kitu cha wageni. Wazee wetu wamo ndani yake."

Kisha akasema kinachotakiwa. Upele umetoka jana tu. Mtu akichanjwa mapema baada ya kukaa na mgonjwa, bado chanjo inaweza kumkinga. Wote wachanjwe leo. Nuruddin apelekwe penye wagonjwa wenzake, auguzwe na waliochanjwa tu. Nguo na shuka zake zichemshwe.

Bi Razia alimkazia macho. "Nitajua alipo?"

"Nitakuletea habari zake kila siku. Na likitokea lolote, mtamzika wenyewe."

Bi Razia aliusogeza ukaya, mtandio wake, akanyoosha mkono. "Anza na mimi," alisema. Baada yake Firoza, kisha Sabira, kisha Kasam. Firoza alilia. Bi Razia alilinyanyua beseni, akayamwaga maji yote kwenye karo.

Dishon alitimiza ahadi yake. Kila siku alibisha hodi na habari. Siku moja alibisha, akasimama pale bila kusema neno. Bi Razia akafahamu.

Walimzika Nuruddin wenyewe. Bi Razia alijua kaburi la mwanawe.

Mikono ya nyumba ile yote ilitoa kilengelenge, kisha gaga. Hakuna mwingine aliyeugua. Firoza alibaki kuulizia mabega ya ami yake, lakini alibaki.

Bi Razia alikuwa bado katika matanga alipomwita Dishon. Alimwambia wanawake wa mtaa hawatakwenda malangoni kukwaruzwa mbele ya askari. Waje wachanjaji hapa uani, na mwanamke miongoni mwao. Kila mtu aelezwe kwanza. Wakubwa wa Dishon walikataa. Bi Razia akaenda mwenyewe kuketi ofisini kwao, akarudi kesho yake, akaketi tena, mpaka wakachoka kumwona.

Wanawake walikuja, na watoto wao. Mmoja, Kavumbi, muuza mkaa, alipokwisha kuchanjwa alianza kupapasa ncha ya leso yake. Alikuwa amefunga ndimu humo.

Bi Razia alimshika kiganja. Alipandisha mkono wa nguo yake, akamwonyesha kovu lake jipya. Kisha akaichukua ile ndimu.

"Mwanangu alikuwa na mkono msafi," alisema. "Wako uache ukauke."