Wacha Niombee Hiyo Maneno

Siku Wawira alipopakwa udongo wa Kiirua, hakuwa amekwenda Meru kutafuta mume. Alikuwa amekwenda kutafuta satini nyeupe. Kwaya moja ya Embu ilikuwa imempa kazi ya majoho, na satini nzuri aliipata kwa Ebla, mama Msomali mwenye duka la vitambaa karibu na soko la Gakoromone. Akatoka dukani na mzigo begani, sketi ya bluu imemkaa sawasawa, kilemba kimefungwa kwa madaha, akitembea kama mtu anayejua kwamba kazi ya mikono yake huvaliwa madhabahuni.

Hapo gunia la viazi likapasuka mbele yake. Vilimwagika hadi mtaroni, watu wakaruka, wengine wakaokota na kuendelea na safari. Mwenye gunia, kijana mrefu aliyevaa gambuti na koti lililofungwa vifungo vyote, alimwona Wawira akiteleza akamdaka. Hakuanguka. Lakini viganja viwili vya udongo vikabaki vimechapwa kwenye satini.

"Pole sana, dada. Nitalipa hiyo kitambaa."

"Sitaki ulipe. Nataka ifuliwe, na ni wewe utafua."

Ebla alitoa beseni na sabuni huku akicheka. Kijana alikunja mikono ya koti akafua pale nyuma ya duka, taratibu, bila kukamua kwa nguvu, na Wawira akasimama juu yake kama mwalimu wa zamu. Alitafuta kosa la kumkaripia akalikosa. Kabla kitambaa hakijakauka, alikwisha kujua kwamba kijana anaitwa Muthamia, analima viazi Kiirua, na huimba besi kanisani ingawa mwalimu wa kwaya humwomba asikaribie maikrofoni. Yeye naye alikwisha kujua kwamba Wawira anaishi mtaa wa Majimbo, ana kibanda chake cha ushonaji mjini Embu, na hana mtu.

Simu zikaanza. Muthamia alipenda kupiga mchana, Wawira akiwa kwenye cherehani.

"Nasikia hiyo mashine. Uko na mimi ama uko na kwaya?"

"Kwaya haijawahi kunichafulia nguo."

"Na haijawahi kukufulia pia, mpenzi."

Muthamia alimtania kwamba Kiembu ni Kimeru kilichochoka njiani kikishuka, naye akamjibu kwamba Kimeru ni Kiembu kilichopigwa na baridi. Viazi vya Kiirua vikaanza kufika Manyatta kwa mama yake Wawira, mama Ruguru, mjane mwenye kahawa yake, ambaye alivipika, akavisifu, na hakuuliza lolote. Mapenzi yalimkolea Wawira hata akashona joho moja likiwa na mkono mrefu kuliko mwenzake. Hilo halikuwa limemtokea tangu ajifunze kushika sindano.

Ndipo Muthamia aliposhuka Embu akiwa na shati jeupe na viatu vilivyong'aa, akamketisha kwenye hoteli moja ghorofani, akaagiza chai. Alikuwa amejifunza maneno yake njia nzima. Akasema, "Wawira, Mungu amenionyesha kwamba wewe ndiye mke wangu."

Maskini, hakujua alichokanyaga. Mwanamume mwingine, Lennox, aliwahi kumwambia Wawira maneno yale yale, neno kwa neno, kwamba ameonyeshwa ndotoni. Wawira alimwamini, akakubali mara moja. Baadaye kidogo Lennox akaonyeshwa msichana mwingine, akamwoa. Tangu hapo Wawira alijiwekea nadhiri: hatakubali wala kukataa mtu kwa kuonyeshwa kwa wengine. Atapiga magoti mwenyewe. Na jambo hili lilikuwa kubwa, maana kuolewa Kiirua kulikuwa kuacha kibanda na wateja aliowatafuta kwa jasho.

Akaweka kikombe chini. "Wacha niombee hiyo maneno."

Alimaanisha hivyo hasa, kwamba ataomba. Lakini Muthamia alilelewa Kiirua, na nyumbani kwao hapana haisemwi mtu akikuangalia usoni. Madalali walipomtaka baba yake auze shamba, mzee aliwapa chai, akawaambia ataombea hiyo maneno, nao wakachukua kofia zao na hawakurudi. Kamati ya kanisa ikiona wazo ni baya, huliombea. Muthamia hakuwahi kusikia jambo lililoombewa namna hiyo likarudi likiwa hai.

"Sawa," akasema. "Mungu akubariki." Akamaliza chai yake, akamsindikiza hadi kibandani, akamuaga kwa heshima. Alikuwa na kiburi, na kiburi chake kilikuwa cha namna nzuri: hakutaka kumsumbua mwanamke aliyemkataa kwa adabu. Hakupiga simu tena.

Wawira hakujua lolote kuhusu hayo. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa kibanda, alipiga magoti kati ya vitambaa. "Bwana, kama mtu huyu ni wako kwangu, nipe amani. Kama si wako, funga mlango." Alifunga kula. Alisoma Neno. Alimweleza mchungaji, naye akamwambia aangalie tabia ya mtu, si ndoto za mtu. Amani ikaja, tena amani tele. Alipomfikiria Muthamia akifua ile satini bila kuikamua, moyo wake ulitulia kabisa.

Ila simu haikulia. Alingoja, akajiambia atapiga kesho, kesho ikapita. Basi akaona mlango umefungwa. Alikuwa ameomba mwenyewe, na Mungu amejibu. Alikubali kama Mkristo, akalia kama mtu mwingine yeyote.

Jumamosi alikwenda Manyatta kumsaidia mama kuchuma kahawa. Alimweleza yote, akamalizia kwamba Mungu amenyamaza, na kunyamaza ni jibu.

Mama Ruguru hakuacha kuchuma. "Ni Mungu amenyamaza, ama ni Muthamia?"

"Mami, niliomba mlango ufungwe."

"Uliomba pia amani. Umepewa ama hujapewa?"

"Nimepewa."

"Basi usimsingizie Mungu. Ulimwendea Mungu kila asubuhi na kijana hujamwendea hata mara moja. Shika simu."

Akapiga palepale, mikono ikinuka kahawa mbichi. Muthamia alishika haraka mno kwa mtu aliyekata tamaa.

"Mbona ulinyamaza?" Wawira akauliza.

"Si ulikataa? Ulisema utaombea."

"Niliomba."

"Hapana, najua uliniambia utaombea, lakini..."

"Muthamia, nisikilize. Niliomba. Kwa magoti."

Wawira akasikia mtu mzima upande wa pili akivuta pumzi kama aliyetua gunia. Akamwambia asijibu kitu kwenye simu. Atapanda Kiirua mwenyewe.

Alipofika Kiirua, Muthamia alikuwa akimngoja amevaa suruali ya kijivu ya suti, imepigwa pasi hadi mstari ukasimama. Alimpeleka shambani. Viazi vilikuwa vimetoa maua, meupe na ya zambarau, na mlima ulikuwa wazi. Aliposema kwamba kila tuta amelipandisha yeye, Wawira alisikia fahari sautini, akaipenda. Lakini swali lake lilikuwa bado.

"Uliniambia Mungu amekuonyesha. Alikuonyesha nini?"

Muthamia alitazama viatu vyake. "Hakuna. Kanisani kwetu vijana wote husema hivyo. Nilikupenda tu, nikaogopa kukuambia ni mimi."

"Kwa hivyo hukuomba."

"Sikuomba." Kisha akamwangalia machoni, jambo ambalo kwao si rahisi. "Wacha niombee hiyo maneno."

Akamwacha pale, akaingia kati ya matuta, akapiga magoti kwenye udongo uliokuwa na unyevu wa mvua. Wawira aliona mgongo wake tu na kichwa kilichoinama. Hakuomba kwa kelele ili asikike. Alikaa hadi Wawira naye akajikuta amefumba macho.

Aliporudi, uso wake ulikuwa umelegea.

"Umeambiwa nini?"

"Sikusikia sauti. Lakini hofu imeniisha. Hata ukinikataa, nitakuheshimu. Na bado nakutaka."

"Basi niulize. Usimfanye Mungu mshenga wako. Uliza wewe."

"Wawira, utakubali niwe mume wako?"

"Nimekubali. Na cherehani yangu inakuja na mimi."

"Nitaijengea nyumba kabla yangu."

Akacheka, machozi yakimtoka. Muthamia akainama kupangusa suruali, maana magoti yote mawili yalikuwa yameshika udongo mzito, lakini Wawira akamshika mkono.

"Wacha hivyo. Nataka mama yako aone."

Wakapita katikati ya Kiirua, na watu wakatoka madukani kutazama kijana wa suti aliyechafuka magoti. Wawira alimshika mkono, kichwa juu. Alikuwa ameshona majoho ya kwaya nyingi, na hakuna hata moja lililowahi kumpa fahari kama ile suruali.