Mwezi wa Samaki

Mimi sitii chumvi maneno. Asiyeamini na aende zake. Rafiki yangu, fundi redio, alikuwa na mke aliyefuga samaki wa baharini na matumbawe kwenye tangi la kioo sebuleni.

"We Fundi Kesho," mke alimtania mwaka mzima, "hata samaki wanataka mbalamwezi. Watengenezee basi!"

"Kesho, mke wangu."

Homa ikamchukua mke kabla ya hiyo kesho.

Wiki mbili baada ya mazishi, jamaa alinunua taa sita za buluu, ndogo kama punje za mahindi, akazilehemu kwenye kipande cha bati huku machozi yakimdondoka. Mchana huohuo akazifunga juu ya tangi, akazima pampu ya maji, akashusha mapazia mazito. Giza tii, kimya. Akaenda mlangoni kwenye swichi, akawasha.

"Haya, mama. Mwezi wako huo."

Akasikia mtu akivuta pumzi taratibu, ng'ambo ya chumba. Na kwenye kioo, pale mkewe alipozoea kubandika pua, ukungu wa pumzi ukatanda, ukafifia, ukatanda tena.