Gari Zuri kwa Watoto

Miguu ndiyo iliyoonekana kwanza. Viatu vya kazi vyenye soli zilizolika upande mmoja, ncha zikitazama juu, kama vya mtu aliyejilaza kupumzisha mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda juu, mtu huyo alikuwa chini ya gari.

Inspekta alichuchumaa, magoti yakamlalamikia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo watu walilazimika kunyamaza ili waisikie. Wiki ilikuwa imemchosha hadi kwenye kope, na sasa hii.

“Nani huyu?”

“Dokta,” alijibu mwenye yadi. “Sote tulimwita hivyo. Mtu akitaka kununua gari, anamwita Dokta alikague kwanza. Ajali mbaya, afande. Jeki imemsaliti.”

Mwenye yadi alikuwa bonge la mtu, na tabasamu lake lilikuwa limezoea kukaa usoni hata pasipo na kazi. Hata sasa lilikuwa linachomoza, naye akalifunika kwa leso.

Gari lenyewe lilikuwa moja ya yale ya familia yaliyoinuka kidogo kutoka ardhini, si kubwa la kutisha wala si dogo la kubanana. Viti vitano, buti pana, rangi ya bluu iliyokolea inayong'aa kama imepakwa mafuta. Kwenye kioo cha mbele kulibandikwa karatasi: LIMETUNZWA, LINAFAA FAMILIA.

Sajini, ambaye alikuwa baba wa mapacha, alilizunguka taratibu, mikono nyuma.

“Afande, Mungu anisamehe, lakini hili ni gari zuri. Kiti cha nyuma kinameza watoto watatu na bibi yao.”

“Sajini.”

“Ndiyo, afande.”

“Kuna maiti.”

“Ndiyo, afande.”

Gari liliinuliwa, mwili ukatolewa. Daktari wa polisi alisema kifua kimepondwa, na kwamba marehemu hakupata hata nafasi ya kupiga kelele. Inspekta alimsikiliza kwa sikio moja. Macho yake yalikuwa kwenye jeki.

“Jeki ya aina hii ikifa inamwaga mafuta,” alisema. “Yako wapi?”

Sakafu ya saruji ilikuwa kavu. Koki ya kuishushia jeki ilikuwa imefunguliwa, na mpini wake ulikuwa bado umechomekwa hapo hapo.

“Sajini, lala kama alivyolala. Nyoosha mkono uishike koki.”

Sajini alilala, akanyoosha mkono, akajivuta, akahema.

“Haufiki, afande. Hata karibu.”

“Basi kuna aliyemshushia.”

Mtaalamu wa alama za vidole aliupulizia unga mpini, akautazama, akatikisa kichwa. Ulikuwa umefutwa ukafutika.

“Sijaona bado ajali inayojifutia mpini,” Inspekta alisema, akainuka kwa kujishika kiuno. “Haya. Tuanze.”

Ofisi ya yadi ilikuwa chumba cha mabati chenye feni iliyozunguka kwa kujikongoja. Mwenye yadi alikaa ukingoni mwa kiti.

“Asubuhi hapa palikuwa na nani?”

“Mimi, mlinzi, Dokta, na mteja mmoja. Mwokaji mikate. Ndiye aliyemleta Dokta alikague gari.”

“Mteja aliondoka saa ngapi?”

“Sikumwona. Nilikuwa humu, kwenye simu.”

“Na mlinzi?”

Mlinzi alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Alisema alikuwa anaosha magari upande wa pili kwa pampu, na pampu ikinguruma husikii hata jina lako. Mteja alipita getini kwa mguu, akamwambia Dokta bado yuko chini ya gari anaangalia angalia.

“Alikuwaje?”

“Wa kawaida, afande. Aliniaga vizuri.”

Inspekta alimgeukia mwenye yadi. “Gari limetoka wapi?”

“Limeshuka melini juzi. Halijakanyaga barabara za hapa hata kidogo.”

“Ulikuwa na ugomvi na Dokta?”

“Na Dokta? Huyo alikuwa ndugu yangu.”

Inspekta alitoka, akalirudia gari peke yake, akalikagua kama mnunuzi. Kazi hiyo aliijua. Mwaka uliopita yeye na mumewe walikuwa wamezunguka yadi za namna hii kila mwisho wa juma, mume akiuliza habari za mafuta, yeye akipima kama mama mkwe ataweza kupanda bila kuinuliwa, hadi wakagombana njiani na kuamua kuendelea na miguu yao.

Alifungua boneti. Injini ilikuwa safi kupita kiasi. Alifungua mlango wa nyuma, akaubandua mpira unaouzunguka. Chini yake, pale ambapo bomba la rangi halikufika, chuma kilikuwa bado na rangi nyeupe.

Akainua kapeti ya nyuma. Penye bolti inayoshika mkanda wa usalama palikuwa na kovu la kuchomelea, nene, la haraka, limepakwa rangi nyeusi lisionekane. Aliuvuta mkanda kwa mkono mmoja. Bolti ikacheza kama jino bovu.

“Mlete,” alimwambia Sajini.

Mwenye yadi alikuja, akaona kapeti imeinuliwa, na kwa mara ya kwanza uso wake ukakosa tabasamu kabisa.

“Hivi ndivyo magari yanavyoshuka melini?”

“Afande, biashara...”

“Sikuuliza biashara.”

“Liligongwa mwaka jana. Nilichukua mabaki, nikalitengeneza, nikalibadilisha rangi. Wote wanafanya.”

“Dokta alijua?”

“Alijua.” Alijipangusa shingo. “Dokta alikuwa mtu wetu. Mteja anadhani amekuja na mkaguzi wake, kumbe amekuja na wa kwangu.”

Njiani kurudi kituoni, Sajini alikuwa na furaha ya mtu anayeona atawahi chakula nyumbani. Mwenye yadi alikaa nyuma yao, chini ya ulinzi.

“Imekwisha hiyo, afande,” Sajini alinong'ona. “Dokta alitaka kumwumbua, jamaa akamwahi.”

“Dokta alikuwa anamsifia mabovu yake kwa wateja. Ungemuua mtu kama huyo?”

Sajini alifikiri. “Ningemnunulia soda.”

“Basi haijakwisha.”

Mwokaji aliitwa kama shahidi tu, akaja alasiri bila kusumbua. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mikono yake ina makovu madogo ya tanuri hadi kwenye viwiko. Alikaa, akaweka viganja juu ya meza. Sajini alishika kalamu.

“Pole kwa usumbufu,” Inspekta alianza. “Nisimulie asubuhi yako.”

“Tunatafuta gari la familia. Mke wangu ni mjamzito. Niliambiwa kuna huyo Dokta, nikamchukua alikague.”

“Mlianzia wapi?”

“Injini. Kisha matairi. Akajaribu breki, akafungua na kufunga milango. Nilimwomba ainue kapeti ya nyuma, akasema hakuna haja.”

“Kwa nini kapeti?”

Mwokaji alisita. “Watu husema uangalie kutu.”

“Halafu?”

“Nikamwomba aangalie chini. Akapiga jeki, akaingia. Mimi nikaondoka, nilikuwa na mikate tanurini.”

“Alikupa jibu gani?”

“Alisema ni gari zuri kwa watoto.”

Maneno hayo aliyatoa taratibu, moja moja, kama anayetema mifupa ya samaki. Inspekta aliyasikia. Akamsogezea glasi ya maji.

“Yadi ile ina magari mengi. Mliangalia lipi jingine?”

“Hakuna. Nilitaka lile jeupe tu.”

Kalamu ya Sajini ilisimama.

Inspekta hakuinua sauti. “Lipi?”

Mwokaji alimtazama, kisha akaitazama glasi.

“La bluu,” alisema. “Nimechanganya.”

“Lilikuwa jeupe. Nimeliona jeupe kwa macho yangu, chini ya mpira wa mlango. Lakini mimi nimebandua mpira. Wewe ulilionea wapi?”

Nje mtu alikuwa anaburuta kiti kwenye korido.

“Ndugu yangu, nisikilize kwanza. Kuanzia hapa si shahidi tena. Si lazima useme lolote, na utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Ukitaka wakili, tutamsubiri.”

“Wakili wa nini?” Mwokaji alivuta pumzi ndefu, mabega yakashuka. “Lilikuwa letu.”

Inspekta alimwashiria Sajini aandike.

“Lilikuwa letu, lilipokuwa jeupe. Tulilinunua pale pale. Dokta yule yule ndiye aliyetukagulia, na maneno yalikuwa hayo hayo. Tulikuwa na binti, ndiyo kwanza ameanza shule. Siku hiyo lori lilitugonga kwa nyuma, wala si kwa nguvu sana. Mimi na mama yake tulitoka wazima. Yeye alikuwa nyuma. Alikuwa amefunga mkanda, afande. Nilimfunga mimi mwenyewe, nikauvuta nione kama umekaza. Uling'oka na bolti yake.”

Sajini alikuwa ameacha kuandika. Inspekta alimgusa kiwiko, naye akaendelea kuandika.

“Ulikuja polisi?”

“Nilikuja. Hapa hapa. Niliwaonyesha bolti. Wakaniambia ni ajali, nikazike mtoto, na gari bovu nimpe anayenunua vyuma. Nikawasikiliza.”

“Ukalionaje tena?”

“Tulikwenda yadi juzi kutafuta jingine. Mke wangu alibaki kivulini, miguu ilikuwa inamvimba. Mimi nikapita katikati ya magari, nikaliona hilo la bluu. Kwenye kioo kidogo cha nyuma mwanangu alibandika samaki wa karatasi. Walimkwangua, wakaacha mkia. Sikumwambia mke wangu. Leo nikarudi peke yangu, nikamwita Dokta.”

“Ili umuue?”

“Ili nimsikie. Nilisema moyoni, akilijua gari, akiniambia usinunue, bwana, hili liliua mtoto, namsamehe. Naapa ningemsamehe. Nilimpa nafasi zote. Nikamwonyesha kile kioo. Nikamwambia ainue kapeti. Alipokuwa chini nikainama, nikamuuliza, hili gari hujawahi kulikagua? Akasema, magari ni mengi, bwana, nitayakumbuka yote? Halafu akacheka. Akasema, wewe pakia watoto uende.”

“Ukafungua koki.”

“Mpini ulikuwa pale mkononi kwangu. Nikauzungusha.”

“Na ukaufuta.”

“Nikaufuta. Sijui kwa nini. Nilifikiria mke wangu atajifungua na nani.”

Alisomewa maelezo yake, akatia saini bila kusahihisha kitu. Sajini alichukua pingu, akasimama nazo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa mwenzake, hajui aanzie upande gani. Mwokaji ndiye aliyemnyooshea mikono.

“Lile gari litaenda wapi?” aliuliza.

“Ni kielelezo. Litakaa uani kwetu hadi kesi iishe.”

“Halafu?”

“Mwenye yadi naye atashtakiwa. Nitalisimamia hilo mwenyewe.”

“Sikuuliza hilo, afande.”

Inspekta alijipangusa macho kwa vidole viwili. Angeweza kusema uongo, na siku hiyo hakuna ambaye angemlaumu.

“Mahakama isipoamuru vinginevyo, litarudi kwa mwenye yadi.”

Mwokaji alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokuwa analijua. Wakampeleka kwa mlango wa nyuma, unaoelekea mahabusu.

Inspekta alibaki ameegemea meza. Kisha akatoka kwenye korido. Kwenye benchi la mapokezi alikaa mwanamke kijana, tumbo limeshatangulia mbele, viatu amevivua na kuvipanga vizuri pembeni. Alikuwa amemsindikiza mumewe. Alipomwona Inspekta alianza kutafuta viatu kwa nyayo.

“Amemaliza, mama? Tunaweza kwenda?”

Inspekta hakutaka kumjibu akiwa amesimama. Alikaa kwenye benchi, karibu, bega kwa bega.

“Usivae viatu kwanza, mwanangu,” alisema. “Nipe mkono wako.”