Madoa ya Siku ya Tatu

"Wewe kaka, usiyaminye hivyo! Unanunua au unaua?"

Watu wa soko la Kimironko waligeuka. Shyaka, shati lake jeupe limenyooka kwa pasi, alirudisha parachichi mezani kwa aibu. Aliyemkaripia alikuwa msichana wa kitenge cha manjano, macho yake yakicheka.

"Najaribu tu, dada. Natafuta mkono wa roboti utakaopanga maparachichi kiwandani, kule Kanombe."

"Yewe! Kumbe ndiwe fundi tuliyeambiwa anakuja? Mimi Kirezi, nayapanga palepale, kwa mikono hii."

Basi wakazoeana. Simu asubuhi, simu mchana. "Cheri, umekula?" "Nitakula ukinipigia tena." Mapenzi yakanoga.

Kirezi alimwambia wazi achague mkono wenye vidole vya mpira. Vikombe vya kunyonya, vinavyoinua kwa nguvu ya hewa, vingeumiza tunda, na doa halionekani mpaka siku ya tatu. Shyaka alimbusu kwenye paji la uso, akaagiza vikombe. Vilikuwa na kasi zaidi. Mjuaji yule!

Mzigo wa kwanza, uliopangwa na roboti pamoja na wapangaji, ukafika Ulaya na madoa meusi. "Nani kaharibu?" meneja Eustache alifoka.

"Labda wapangaji," Shyaka akasema. Zamu ilikuwa ya Kirezi, na Shyaka alijua hilo. Siku hiyohiyo Kirezi akafukuzwa.

"Mpenzi, nisemee kwa Eustache," alimlilia kwenye simu. "Wote wananishuku isipokuwa wewe."

"Nitajaribu." Akakata simu, akajiona mchafu. Siku nne alimdanganya hivyo hivyo, mpaka mwenyewe akachoka na uongo wake.

"Kirezi, vikombe vyangu ndivyo vilivyoharibu. Na mimi ndiye niliyewasingizia."

Simu ikakatwa.

Kesho yake asubuhi Shyaka alisimama mbele ya Eustache na wapangaji wote, akayarudia maneno hayo. Kibarua chake kikaota nyasi hapohapo. Mchana Kirezi akapiga.

"Wameniita nirudi kazini."

"Namshukuru Mungu. Na mimi, Kirezi?"

"Bado nakupenda, na ndiyo maana inauma." Alivuta kamasi. "Nilingoja siku utakayokuja kwetu kuniposa, wazee wamependeza, msemaji wako wa posa akikusifu. Sasa Jumapili utakuja mwenyewe. Mama anaamini nimefukuzwa kwa uzembe."

"Nije na nani?"

"Huji na msemaji, Shyaka. Hili utalisema kwa mdomo wako."