Bangili za Mwalimu Kathini

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Ndunge alikwenda mtoni kuteka maji. Mwezi huo wa Februari mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Mtu alichimba kishimo kwa mikono, akangoja, na maji yakaja polepole kutoka chini, safi, kana kwamba yalikuwa yamelala na sasa yanaamka. Watoto wengine walichukia kule kungoja. Ndunge alipenda kungoja. Aliinama juu ya kishimo chake akautazama uso wake ukijitokeza kidogo kidogo, kwanza paji, kisha pua, halafu macho mawili yanayomshangaa. Mara nyingi kishimo kilijaa zamani na yeye bado ameinama.

"Ndunge! Umelala?" Susu, bibi yake, alimwita Jumamosi moja kutoka ukingoni. "Wenzako watakua waolewe na wewe mtungi bado haujajaa!"

Ndunge alicheka, akajaza mtungi, akaubeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, akaandamana na Susu nyumbani.

Jirani yao alikuwa Mwalimu Kathini, aliyefundisha darasa la Ndunge, Gredi ya Tano, katika shule ya msingi iliyo nje kidogo ya mji wa Wote. Asubuhi hiyo Mwalimu alikuwa amesimama penye ua, amevaa nguo ya kanisani na amebeba karai.

"Ndunge, njoo uone kitu. Lakini ni siri."

Ndani ya karai kulikuwa na bangili za mkonge, nyeupe kama maziwa. Ndunge alizijua nyuzi zile. Kwa wiki nyingi alikuwa amemwona Mwalimu jioni akizisokota juu ya paja lake kama wanavyosokota akina mama wanaosuka vikapu vya vyondo, lakini hakujua ni za nini.

"Ijumaa ni Siku ya Wapendanao," Mwalimu alisema. "Madukani wanauza maua ya plastiki kwa bei ya kuku. Mimi sina pesa hiyo. Nina mkonge na nina vidole. Ziko arobaini na moja, kila mwanafunzi na yake."

Hakuna iliyofanana na nyingine. Ya Muli ilikuwa na mafundo mengi, kwa sababu Muli hakuweza kutulia kitini. Ya Filsan, binti wa mfanyabiashara wa mbuzi, ilisukwa nyembamba na kunyooka kama mwandiko wake.

"Yangu ni gani, Mwalimu?"

"Hii. Hapa katikati nimeulegeza msuko. Ni nafasi ya mtu anayeota mchana."

Ndunge aliona haya, lakini moyo wake ulijaa.

Sufuria kubwa ilikuwa tayari juu ya mafiga matatu. Mwalimu alitia chumvi, kisha akamimina pakiti mbili za rangi nyekundu. "Hizi nimezinunua sokoni kwa mama yake Muli. Moja nimelipa, ya pili ameniongezea bure aliposikia ni ya watoto. Mungu ambariki." Alizitumbukiza bangili, akazizamisha kwa kijiti. "Sasa nisikilize. Nina mkutano wa akina mama kanisani. Maji yatokote bila kupumzika mpaka kivuli cha lile tangi la maji kiguse mlango wangu. Kuni zikiisha, ziko nyingine nyuma ya nyumba. Usizitoe mapema. Rangi haina haraka."

"Sawa, Mwalimu."

Mwanzoni Ndunge alichochea moto vizuri. Maji yakaanza kutokota, na mvuke ukapanda ukiwa na harufu ya chumvi na mkonge. Katika yale maji mekundu aliona mawingu. Mawingu yakawa vilima, vilima vikawa mji ambao hakuna mtu aliyewahi kuufikia, na watu wake wote walitembea polepole wakiwa wamevaa nguo za rangi ya jioni. Alikaa kwenye kigoda, kidevu mikononi, akiwafuata watu wale barabara kwa barabara.

Alipozinduka, maji yalikuwa kimya. Chini ya sufuria palibaki majivu. Kivuli cha tangi kilikuwa bado mbali, mbali kabisa na mlango.

Kuni zilikuwa nyuma ya nyumba, hatua thelathini tu. Ndunge aliinua bangili moja kwa kijiti. Ilikuwa nyekundu. Akainua nyingine. Nyekundu, nzuri, kama pilipili iliyoiva.

"Si zimeshika tayari," alijiambia.

Akazisuuza mara moja tu ili asimalize maji, akazianika juu ya ua. Upepo ukazichezesha, na yeye akasimama akizitazama kama mtu anayetazama ndege wekundu waliotua kupumzika.

Mwalimu aliporudi alipiga makofi kwa furaha. "Aiya, Ndunge! Zilitokota mpaka kivuli kikafika?"

"Kilifika, Mwalimu."

Neno lilitoka jepesi, halikumuuma hata kidogo.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Kathini aliita majina, na kila mmoja akaenda mbele kufungwa bangili yake. Hata wale wavulana wakubwa wa nyuma, ambao husema zawadi ni mambo ya watoto, walinyoosha mikono. Darasani kila mtu aliinamia mkono wake.

"Mwalimu, mimi sijawahi kupewa kitu chenye mafundo mengi hivi," Muli alisema. "Nikikosa hesabu nitahesabia hapa." Wote wakacheka, na Mwalimu akacheka kuliko wote.

Saa ya chakula walipanga foleni ya kunawa mikono. Muli alikuwa wa kwanza. Maji yalipopita juu ya mkono wake, yalidondoka chini yakiwa mekundu.

"Mwalimu! Zawadi yako inalia!" akapiga kelele.

Kicheko kilienea foleni nzima. Lakini Filsan alipotazama mkono wa shati lake jeupe akaona doa refu, hakucheka. Wengine nao wakaanza kujikagua. Madoa yalikuwa kila mahali, kwenye mashati, madaftari na mashavu. Mmoja mmoja walizifungua bangili. Mwalimu Kathini alisimama na mwiko wa kupakulia isyo, yale mahindi na maharagwe ya mchana, mkononi, na uso wake ukawa kama wa mtoto aliyekaripiwa mbele za watu.

"Nisameheni, watoto," alisema taratibu. "Sijui ni nini kimetokea."

"Rangi ilinunuliwa wapi?" aliuliza Kitonga, mmoja wa wale wavulana wakubwa. "Si ni mama yake Muli anayeuza rangi sokoni?"

"Kumbe! Mama Muli anauza maji ya kachumbari!" akaongeza.

"Kitonga, nyamaza!" Mwalimu alisema, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Muli aliweka sahani yake chini bila kula, akaenda kukaa peke yake nyuma ya darasa.

Filsan alimgeukia Ndunge. "Wewe unakaa karibu na Mwalimu. Ulimwona akizichemsha? Zilichemka vya kutosha?"

"Zilichemka," Ndunge alisema.

Safari hii neno halikutoka jepesi.

Jioni, Susu alimkuta ameketi mlangoni. Alimshika mkono ambao bado ulikuwa na bangili, akalamba kidole chake mwenyewe, akaisugua ile bangili, kisha akakitazama kidole. Susu alikuwa amesuka vyondo tangu akiwa msichana.

"Rangi hii ni nzuri," alisema. "Ila haikuiva. Aliyekuwa motoni alikuwa na haraka, ama alikuwa na usingizi." Hakuuliza zaidi. Aliingia jikoni akaendelea kuchambua mbaazi zake.

Ndunge alibaki pale. Vilima vya mbali vilikuwa vikigeuka bluu, saa ambayo kwa kawaida aliipenda kuliko zote. Leo hakuona mji wala watu wa nguo za jioni. Alimwona Muli tu, na sahani iliyoachwa chini. Kwa ng'ambo ya ua alimsikia Mwalimu akimwambia mtu kwenye simu, "Kesho nitapita kwa huyo mama sokoni nimuulize. Labda kweli naye aliuziwa rangi mbovu."

Ndunge aliinuka. Miguu yake haikutaka, lakini aliinuka.

"Mwalimu," alisema akiwa bado nje ya mlango, "usiende sokoni. Rangi si mbovu."

Mwalimu aliweka simu chini.

"Moto ulizimika. Nilikuwa... nilikuwa naangalia maji tu, moto ukazimika. Kuni zilikuwepo, sikuzifuata. Na kivuli hakikufika mlangoni. Nilikudanganya. Na leo nimemdanganya Filsan pia."

Ndunge alitamani agombezwe, yaishe.

"Nilikuwa namwazia mama wa watu mabaya," Mwalimu alisema. "Mwanamke aliyenipa pakiti ya bure. Umeona uliponifikisha?"

"Naam, Mwalimu." Machozi yalimtoka.

"Mimi nimekusikia. Lakini si mimi niliyeacha chakula leo."

Jumatatu Ndunge alisimama mbele ya darasa. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kila mtu aliisikia. "Rangi ya Mama Muli ni nzuri. Mimi ndiye niliyeacha moto ukazimika, halafu nikasema uongo. Muli, nisamehe. Filsan, nitakufulia shati lako."

"Lishafuliwa," Filsan alisema. "Mama amesugua mpaka amechoka. Utakuja umwambie wewe mwenyewe kwa nini." Kisha akasogea kwenye benchi ili Ndunge apate nafasi ya kukaa.

Kitonga aliinamisha kichwa, akamwomba Muli msamaha bila kungoja kuambiwa. Muli alimtazama Ndunge hadi wengine wakadhani atatukana. "Wikiendi nzima mama amekuwa akijaribu rangi zake kwenye matambara," alisema. "Matambara yote ya nyumbani sasa ni mekundu. Hata ya kupangusia meza!" Hapo ndipo kicheko kiliporudi darasani.

Jumanne mchana kila mwanafunzi alileta shuleni kijiti kimoja cha kuni na chupa moja ya maji. Muli alileta pakiti ya rangi. "Mama amesema hii ndiyo ya mwisho ya bure." Bangili zote zikarudi sufuriani, na Ndunge akapewa kazi ya moto. Hakukaa kwenye kigoda. Alisimama akasogeza kuni, akakoroga, akasogeza tena, mvuke ukimfunika uso. Kengele ya michezo ililia, na maji yalikuwa bado yanatokota. Maji ya kusuuzia yalitoka mekundu, kisha ya waridi, na mara ya tatu yakatoka jinsi yalivyoingia.

Muli alisugua bangili yake kwa nguvu kwenye kola ya shati, wenzake wakishika vichwa. "Haitoki hata ukiiomba!"

Mwalimu Kathini aliketi kwenye mzizi wa mti uani, watoto wakamzunguka. "Sikilizeni," alisema. "Kila mtu huzimikiwa na moto. Hata mimi. Moto ukizimika, unasema umezimika, mnatafuta kuni, mnawasha. Ni kazi ya dakika kumi. Lakini ukisema unawaka na haujawaka, kuna mtu mahali fulani atakula chakula baridi kwa ajili yako, na huenda humjui hata jina. Kuota si kosa, Ndunge. Ota. Ila ukiamka, sema ukweli kuhusu kile ulichokikuta."

Ndunge alivaa bangili yake ikiwa bado imelowa. Tone moja lilidondoka juu ya shati lake jeupe, likasambaa kidogo. Aliliangalia mpaka likakauka, na halikuacha kitu.