Kikombe Changu Walikiogopa, Vidonge Vyangu Wakavimeza

Nilimkuta wifi yangu amekaa kitandani kwangu, anameza vidonge vyangu kwa soda!

Vyangu mimi... vya ugonjwa!

"Pudensiana, unafanya nini?"

Soda ikamtoka puani.

"Wifi... nilijua umeenda sokoni."

Wadau, ngojeni kwanza niwaeleze. Naitwa Paskalia, mzaliwa wa Inyonga, nimeolewa hapa Misunkumilo, Mpanda. Nina ugonjwa unaitwa Crohn. Utumbo unavimba na kuchubuka, naharisha damu, nakonda mpaka nguo zinanivuka. Hauponi, unatulizwa tu. Dawa zinatoka Mwanza, na anayezilipia ni kaka yangu Lyamba, kwa asali anayorina porini huku nyuki wakimuuma usoni.

Ukweni wakanitangaza mtaa mzima eti nina ngoma, yaani virusi vya UKIMWI. Nikatengewa sahani. Nikatengewa kikombe! Mama mkwe anakishika kwa kitambaa, utafikiri kikombe kinaambukiza.

Halafu leo binti yake anachota kwenye kopo langu? Kichefuchefu kilinipanda, na safari hii hakikuwa cha ugonjwa.

"Mwizi mkubwa wewe!"

"Sijaiba! Huwa nanunua! Leo kaniambia mzigo mpya umefika, nijichukulie mwenyewe."

"Nani kakwambia?"

Akajifuta soda puani.

"Kaka."

Kaka mtu ni Marselino. Mume wangu wa ndoa!

Jioni nikambana. Hata aibu hana.

"Mke wangu, punguza jazba. Hivyo vidonge vinajaza mashavu, mabinti mpaka wa Kakese wanavigombania. Mchango wa sendofu ya mdogo wangu ningeutoa wapi?"

"Na kopo langu ukawa unajazia nini?"

"Vidonge vyeupe vya dukani. Vya kawaida tu."

Vya kawaida! Kumbe muda wote ule nilikuwa nameza hewa. Daktari alishaamua dawa zimeshindwa, amepanga kunikata utumbo, na Lyamba anahangaikia hela ya kisu!

Mama mkwe akadakia kutoka sebuleni:

"Wewe kila siku uko chooni, zinakusaidia nini? Bora zimpendezeshe anayeolewa."

Mate yalinijaa mdomoni, nikatoka nje kutema.

Jumamosi ikawa sendofu, sherehe ya kumuaga Pudensiana kabla ya ndoa. Si mnajua, mke wa kaka lazima aingie akicheza na zawadi kichwani. Nikaingia nacheza, vigelegele vinapigwa, mama mkwe anatabasamu mbele ya wageni. Nikaomba maiki.

"Wifi, fungua hapa hapa."

Akafungua. Kikombe changu... na kopo tupu la dawa, lina jina langu.

"Mabinti mliouziwa vidonge vya mashavu na Marselino, ni dawa zangu hizo. Msiache ghafla, ni hatari, nendeni hospitali mkaachishwe taratibu. Kikombe ni cha wifi, awe anamezea."

Halafu Salima wa saluni, mashavu kama maandazi, akapiga yowe:

"Za huyu mwenye ngoma?!"

Akatema pilau kwenye sahani! Wenzake wakakimbilia nje kutapika. Wengine wakamkaba Marselino shati wanadai hela zao. Upande wa bwana harusi nao ukaanza kunyanyuka, wanamtazama bibi harusi kwa kinyaa.

Mama mkwe akanipokonya maiki.

"Jamani kaeni! Nyie kaeni! Paskalia hana ngoma! Ni tumbo tu! Ngoma tulisema sisi... tulisema tu!"

Spika zikayapeleka maneno yake mpaka barabarani. Miaka yote nilimpigia magoti anisafishe jina, akagoma. Siku hiyo kanisafisha mwenyewe, bure, mbele ya umati, ili kuokoa ndoa ya mwanawe.

Nje Lyamba alikuwa ananisubiri na pikipiki. Sikuaga mtu.

Sasa niko Inyonga. Nameza dawa halisi, damu imekata, daktari kasema kisu kisubiri. Gharama bado ni mzigo, Lyamba bado anaumwa na nyuki. Marselino anapiga simu eti nimsamehe. Nikiona jina lake tu, kichefuchefu kinarudi.

Ndugu zangu, anayekuonea kinyaa wewe, vyako havimtii kinyaa. Ukiona umetengewa kikombe, dawa zako zifungie! Na mwenye virusi naye ni mtu, kula naye sahani moja, hutakufa. Mimi nyuki wa mizingani siwaogopi, naogopa wanaocheka na wewe huku wanakunyofoa.