Tundu la Mlango wa Mkunga

Fundi seremala mmoja mtaani walimwita Milimita. Miaka thelathini ameranda mbao, na hajakosea kipimo hata kwa unywele. Binti yake walimwita Injinia, kwa sababu aliitengenezea karakana programu ya simu. Mteja anafungua picha ya mlango wake, anagusa kwa kidole anapotaka kitasa au tundu, na programu inamwambia fundi atoboe wapi. Jamani, binti alivyojivuna! Alitembea kama ardhi ni yake.

Siku moja walipeleka mlango kwa mkunga mstaafu. Bibi huyu alizalisha nusu ya mtaa, na Injinia mwenyewe alidakwa na mikono yake. Sasa miguu imegoma, anakaa kwenye kiti cha magurudumu. Alitaka tundu la kuchungulia, ajue nani anabisha kabla hajafungua. Aligusa mwenyewe kwenye simu yake.

Mlango ulipofungwa, mkunga akasogeza kiti. Tundu lilikuwa chini mno. Akajikunja, akaguna, shingo ikamuuma.

"Fundi, hapa nitaona magoti ya watu tu," alisema. "Nyumba ni yangu, nichungulie kama mwizi?"

Milimita akapima. Sentimita 100 kutoka chini. Mkunga alitaka 120.

Injinia akajua papo hapo kwamba kosa ni la programu yake. Akafungua mdomo, lakini baba yake akamtangulia.

"Nisamehe, mama. Ni mkono wangu. Nitakutengenezea mwingine."

Injinia akaufunga mdomo wake.

Umbea hauna breki. Walipofika karakana, muuza mkaa alikuwa ameshasikia. "Milimita leo kawa mita!" alipiga kelele. Watu wakaangua kicheko, na baba naye akacheka. Injinia alitamani ardhi ipasuke immeze. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Baba, kwa nini ulisema ni wewe?" alimuuliza baadaye.

"Aliyetoboa ni nani? Wewe tafuta kosa."

Akatafuta siku mbili. Kwenye simu yake kila kitu kilikuwa sawa. Mwishowe akaenda kwa jirani yao, Mama Fremu, aliyeishi kwa kutengeneza fremu za picha. Akamweleza yote, macho chini.

"Simu ya mkunga ikoje?" aliuliza Mama Fremu.

"Ndefu kuliko yangu."

Mama Fremu akachukua fremu ndefu, akaweka ndani picha fupi. Juu pakabaki patupu, na chini pia. "Haya. Pua ya huyu bwana iko umbali gani kutoka juu ya picha?"

Injinia akaweka rula kwenye ukingo wa fremu.

"We! Unapima picha au unapima fremu?"

Binti akaiangalia rula yake. Akaisogeza hadi ukingo wa picha.

"Haya, sasa nipe vipimo vya kwenye simu."

"Picha za simu tunazipima kwa vitone," alisema Injinia. "Picha ya mlango ina upana wa vitone 1000 na urefu wa 2000. Nafasi kwenye simu ya mkunga ni 300 kwa 720."

"Gawa upana kwa upana, urefu kwa urefu."

"300 kwa 1000 ni asilimia 30. 720 kwa 2000 ni asilimia 36."

"Unachukua ipi?"

"Ndogo. Nikichukua kubwa, picha itazidi fremu. Kwa hiyo urefu unaoonekana ni asilimia 30 ya 2000. Ni vitone 600."

"Na nafasi ina 720."

"Vinabaki 120. Patupu 60 juu, patupu 60 chini." Akaigonga fremu kwa rula. "Mkunga aligusa kwenye 300 kutoka juu ya nafasi. Mimi sikutoa zile 60 za juu! Kitone chake ni cha 240. Mlango wa sentimita 200 umekaa kwenye vitone 600, basi vitone vitatu ni sentimita moja. 240 gawa kwa tatu ni 80 kutoka juu. Kutoka chini ni 120!"

"Na kwenye simu yako?"

"Picha inajaza nafasi yote. Hakuna cha kutoa."

"Kwa hiyo ulijaribu kwako tu."

"Kwangu tu," alisema kwa sauti ndogo.

"Kukosea si dhambi, mwanangu. Ila mzigo huu ni wako, na baba yako ndiye anayeubeba."

Usiku huo hakupata usingizi. Kesho yake alirekebisha programu. Akaazima simu za majirani, ndefu, fupi na pana, akajaribu kwenye kila moja. Zote zikasema 120. Baba yake akatoboa mlango mpya.

Walipoufunga kwa mkunga, bibi alisema, "Injinia, kaa nje ubishe. Nataka kujaribu."

Akatoka. Mlango ukafungwa. Akabisha.

"Nani?" mkunga aliuliza kutoka ndani.

Injinia alitazama lile tundu. Barabarani muuza mkaa alikuwa anapita na mkokoteni. Akavuta pumzi.

"Ni mimi, bibi," alisema kwa sauti ambayo hata muuza mkaa aliisikia. "Mimi ndiye niliyeharibu mlango wa kwanza. Mkono wa baba haukukosea. Nilimwacha achekwe, na naona aibu."

Kiti kikasogea, na jicho la mkunga likatokea tunduni, bila kujikunja.

"Nakuona vizuri," alisema bibi. "Ingia, mjukuu wangu."